Bastola Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Kabla sijaona mtu, nilisikia mlio: kracha! Chuma kuvutwa nyuma, chuma kurudi. Mlio wa bastola inayoandaliwa kupiga. Nao ulitoka nyuma yangu, ilhali bastola yenyewe ilikuwa mbele yangu, mezani, imefunguliwa vipande vipande. Usinicheke. Sikuwa nimelala, wala sikuwa na homa. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, hapa hapa Kilindoni, na mlango wa karakana nilikuwa nimeutia komeo.

Bastola ilikuwa ya kaka yangu Shabani. Yaani ya hoteli aliyoilinda kule Ghuba ya Chole. Tajiri wake aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa vibali vyote, kutoka kwa tajiri mwenzake wa Kilwa. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza, na wavuvi wa baruti walimchukia kila aliyewasema kwa askari. Shabani aliwasema. Wakamtumia salamu: leo jioni tunakufuata. Akaijaribu bastola. Risasi ya kwanza ikatoka, ya pili ikakwama. Akaniletea mimi, fundi wa mashine za boti, kwa sababu mwingine hakuwepo.

"Mdogo wangu, ukishindwa na hii, andaa ubani wa hitima," aliniambia, akicheka.

Mimi sikucheka. Nilikagua springi ya magazini: nzima. Risasi: kavu, safi. Kile kipande cha juu, kinachotakiwa kurudi nyuma kwa nguvu na kulitupa ganda nje, ndicho kilichokuwa kizito, kinajikokota kama mgonjwa. Lakini kwa nini? Jua linakwenda. Ndipo nikausikia ule mlio.

Niligeuka. Mtu amesimama kando ya mapipa, shati la kaki, shingo imekakamaa upande mmoja. Aliingiaje? Nami nakuuliza wewe. Alinuka sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka mbao za vyombo.

"Nusa hicho chuma, fundi," akasema.

Nikanusa. Sifa tupu! Mimi na Shabani tumelelewa Jibondo kwa mjomba wetu, muunda vyombo, na huko kila kinachokwenda baharini hupakwa sifa. Kaka akaona bastola nayo yafaa ipakwe. Kwenye mbao sifa ikikauka ni kinga. Kwenye chuma ni ulimbo.

"Nami niliipaka hiyo hiyo, nilipokuwa mlinzi wa tajiri kule Kilwa," mtu yule akasema. "Ya pili ilikwama. Waliokuja kuniua hawakukwama. Nirudishie, nami nitamwacha ndugu yako."

"Nitakupaje mali ya watu?"

"Basi nitakwenda naye."

Nikapepesa macho, hayupo. Komeo liko palepale.

Nikaisafisha kwa petroli hadi ikateleza kama mpya. Wewe ungefanyaje? Ungemwacha ndugu yako aende na chuma kilichokwama? Shabani alipoifuata alasiri, nikamweleza yote, nikamshika miguu. Nikamwambia tuitupe baharini.

"Nimwambie tajiri kwamba bastola kaichukua mzuka? We! Polisi watanifunga mimi, hawatamfunga mzuka." Akaipachika kiunoni, akaenda zake.

Wavuvi walikuja kweli. Shabani akapiga hewani, risasi baada ya risasi, hakuna iliyokwama, wakakimbia. Hakuumia mtu. Lakini niamini, aliyerudi asubuhi alikuwa na shingo iliyokakamaa, na mkewe alipomkimbilia, alimpisha njia kama unavyompisha mtu usiyemjua. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mashehe wamemsomea, kombe la maji ya aya amekunywa, dua tumemaliza. Watoto wake wameacha kumwita baba, maana haitiki.

Kwa hiyo nakuusia: ukipewa silaha iliyotoka mkononi mwa mwingine, usianze kuuliza ina ubovu gani. Uliza aliyeishika yuko wapi. Ukiambiwa amekufa, usiiguse, hata kama maadui wako mlangoni.

Jana kaka alikuja karakana. Nilidhani amenikumbuka.

"Habari za kazi, fundi," akasema kwa adabu. "Naambiwa kuna mtu hapa anaitwa Shabani. Nyumbani kwake ni wapi?"

Nikamwelekeza: pita msikiti, nyumba ya tatu, utamkuta mkewe anaanika udaga wa muhogo. Nilisema nikiwa nimeinamia mashine, asinione machozi.

Akanishukuru, akatoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake.