Mpima Pengo wa Mkuyuni

Jua linachomoza juu ya mawe ya Mkuyuni, na Mashimba Maige, mwenye umri wa miaka 61, anapanda ngazi ya tangi la mafuta ya pamba. Anafungua kifuniko, anateremsha utepe wenye timazi mpaka ugonge chini, kisha anasoma: mita sita. Ndicho kimo cha tangi zima. Hakuna mafuta hata tone, tangu kiwanda hiki cha kukamua mafuta kilipofungwa mwaka 1994, miaka miwili iliyopita.

"Nimezoea," anasema akishuka taratibu. "Mlinzi asiyepima tangi analinda nini?"

Kabla ya kuwa mlinzi, Maige alikuwa mpimaji. Mafundi waliomtangulia walimfundisha asipime mafuta bali pengo, yaani nafasi tupu iliyobaki chini ya kifuniko. Pengo likiwa dogo, tangi limejaa. Waliliita alaji, kutokana na neno la Kiingereza ullage.

Ni neno adimu hata kwa Waingereza wenyewe. Asili yake ni kwa Wafaransa wa kale, waliokuwa wakijaza pipa la divai mpaka kwenye tundu lake, na tundu hilo wakiliita jicho. Kilichopungua kufikia jicho ndicho kikapata jina lililotokana na neno jicho. Baadaye mabaharia wa Kiingereza wakalishusha hadhi, wakayaita hivyo mashapo yanayobaki chini ndani ya pipa, halafu hata mtu asiyefaa kitu.

Maige anaposikia hilo la mwisho, anakunja utepe.

"Hilo usimwambie Teodora," anasema.

Teodora ni mkewe, aliyepofuka miaka mingi iliyopita. Kila jioni alikuwa akimpokea mlangoni kwa swali moja: "Pengo leo?" Akijibiwa ni dogo, nyumba nzima ilijua msimu ni mzuri.

Soko huria lilipoingia, pamba ya wakulima ilianza kwenda kwa wanunuzi wengine. Mashine zikakosa mbegu za kukamua, wafanyakazi wakapunguzwa. Jioni ya siku Maige alipopunguzwa, Teodora aliuliza kama kawaida.

"Dogo," Maige akajibu. "Kama shibiri moja hivi."

Aliendelea na jibu hilo huku mchana akibeba magunia sokoni, na hata alipopewa kazi ya kulinda kiwanda kile kile, kikiwa kitupu. "Ningemwambia nini?" anauliza.

Mwezi uliopita habari zilifika mtaani kwamba tangi limeuzwa kwa mtu wa vyuma chakavu, na litakatwa kabla ya mvua za vuli. Ulinzi utakwisha nalo. Hapo ndipo Teodora alipomwambia mumewe kwamba alijua siku zote.

"Shati lake liliacha kunuka mafuta," anasema mama huyo, akichambua mchicha kwa vidole. "Niliendelea kuuliza ili mzee asiingie ndani kimya. Mwanaume akinyamaza, anaisha."

Inauma kuwasikiliza, kila mmoja alivyokuwa akimficha mwenzake machozi.

Sasa wanarudi Magu, kwenye shamba aliloachiwa Maige na baba yake. Watalima mtama, na Maige atajenga kihenge cha fito na udongo cha kuhifadhia nafaka. Utepe anaubeba.

"Mungu akijalia, pengo litakuwa dogo kweli," anasema.

Teodora anatikisa kichwa. "Safari hii siulizi," anasema. "Atanishika mkono, nilipime mwenyewe."