Mtumbwi Uliovutwa Kushoto

Nimekosa, wala sitamsingizia shetani. Ni macho yangu na domo langu. Naandika bila jina kwa sababu hapa mtaani Mangobo watu bado wananiita fundi, na kosa hili sijaliungama hata kwa padri.

Kazi yangu ni kusafisha picha kwa mpiga picha mmoja hapa mjini Stanleyville. Ukikaa miaka katika chumba cha giza, unazoea kusoma picha. Watu waliniletea picha za ndugu zao nami nikawaambia: hii ilipigwa asubuhi, tazama kivuli, hapa ni misheni fulani, tazama matofali. Walishangaa, nami nikavimba kichwa. Jamani, nilivimba!

Dada yangu mdogo, nitamwita Vero, aliolewa na mwanamume aliyempiga. Siku moja akatoroka. Miezi minne hatukujua kama yu hai. Kisha mwanamke mmoja wa sokoni akamletea mama picha: Vero amesimama, anacheka, nyuma yake mto. Barua hakuna. Mama aliibusu, akaificha ndani ya Biblia yake, akaniambia nisimwonyeshe mtu.

Jumapili moja, mama akiwa kanisani, yule mume alikuja nyumbani kwetu na kibuyu cha pombe ya mchikichi. Sijui nani alimwambia kuna picha. Alilia, akaomba auone uso wa mke wake tu. Nikamhurumia, nikaitoa.

Aliitazama sana, kisha akacheka kidogo.

"Semeki, shemeji yangu, niko nasikia weye unajuaka kusoma picha," akasema. "Lakini hii, hata weye hautaweza. Iko maji tu na mwanamuke."

Maji tu! Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilijua mikono ile ilimfanya nini dada yangu, majeraha niliyaona mwenyewe. Lakini kuambiwa kuna picha iliyonishinda, mimi!

"Angalia mutumbwi," nikamwambia. "Iko nafungwa ku muti, na maji inavuta mukia yake kushoto. Huku kwetu, ukiangalia mto, maji inaendaka kuume. Donc, basi, hapa ni ngambo ya mto. Na hii miti ya kupangwa pembeni, ni mataruma ya reli. Bon! Ni Lubunga, karibu na gare ya treni."

Nilikuwa nikigonga picha kwa kidole kama mwalimu. Yule mume aliweka kikombe chini kabla hakijaisha, akatoka kwenda kivukoni.

Siku ya tatu alimpitisha Vero mbele ya watu wote wa mtaa waone, anamvuta mkono. Juu ya jicho la dada yangu palikuwa pamepasuka, damu imekauka hadi shavuni. Vero alisimama mbele yangu.

"Yaya, kaka yangu, ni weye njo ulimuonyesha?"

Ee Mungu, hata kukana sikuweza!

Wiki haikuisha, Vero akatoroka tena. Safari hii hata yule mwanamke wa sokoni hakujua alikokwenda. Kwa mwaka mzima mama alinipa chakula bila kunisemesha.

Kisha ikaja picha ya pili, mkono kwa mkono, ndogo kama stempu. Vero alikuwa ameikata kwa makasi pande zote. Mto hakuna, ukuta hakuna, hata mabega hakuna. Uso tu. Mama aliitazama, akanisukumia pale mezani.

"Kamata," akasema. "Soma sasa."

Mama amekufa mvua hizi. Hadi sauti inakatika alikuwa akimwita mtoto wake, na mimi sikujua nimtume nani, wala wapi. Tumemzika bila Vero. Huko aliko, labda anatafuta zawadi ya kumletea mama, kumbe ni yatima. Inaniuma, ndugu zangu! Inaniuma sana!

Wewe unayesifiwa kwa kujua mambo, nakuomba, jua na unyamaze. Aliyejificha ana sababu yake, na anayekuuliza huku akilia ana yake pia. Usikubali kuchokozwa ukaonyesha ufundi wako kwa maisha ya mtu.

Ile picha ndogo nimeiweka juani, nimeigeuza, nimeitazama kwa kioo cha kukuza cha kazini. Kitu kimoja tu ndicho kilichobaki cha kusoma: kovu juu ya jicho, ambalo katika picha ya kwanza halikuwapo. Hilo najua lilitoka wapi.