Aliyekufa Chini ya Miaka Miwili

Nafundisha historia chuoni Garissa, na kila muhula naanza na tarihi za watawa wa Ayalandi ya kale. Wanafunzi huguna. Nchi ya mvua, wanasema, inatuhusu nini sisi? Nawaeleza watawa waliandika nini mwaka kwa mwaka: mkuu wao amefariki, upepo umevuma, ng'ombe wamekwisha. Hapo kwenye ng'ombe darasa hutulia tuli.

Halafu nawatahadharisha. Habari nyingi za karne za mwanzo zilinakiliwa baadaye kutoka vitabu vya monasteri mbalimbali. Mnakili asiyejua kuwa vitabu viwili vinataja kifo kimoja, alikiingiza mara mbili, chini ya miaka miwili tofauti. Mfalme mmoja, matanga mawili. Wanafunzi hucheka, nami nilizoea kucheka nao.

Muhula uliopita nilikuwa nikisema maneno hayohayo, nikakumbuka habari ya kwetu.

Kwetu Habaswein miaka ya ukame hupewa majina. Eddo, dada yake baba, aliniambia dada yangu mchanga alifariki mwaka wa Ngozi, kabla sijazaliwa. Habaryar, mdogo wake mama aliyeolewa Takaba, alisema dada yangu mchanga alifariki mwaka wa Vumbi. Mimi nikajumlisha. Tangu utotoni nilijua nina dada wawili ahera, na baada ya kila swala niliwaombea wote wawili. Mama sikuwahi kumuuliza. Habari hiyo haikuguswa mbele yake.

Ijumaa hiyo nikaenda nyumbani. Nilimkuta mama akichuja chai. Nikaongea habari za mbuzi, za mvua, za barabara, mwishowe nikauliza.

"Hooyo, watoto waliofariki wakati wa ukame walikuwa wangapi?"

Akaweka birika chini. "Mmoja."

"Na mwaka wa Vumbi?"

"Ndio huohuo wa Ngozi. Takaba wana majina yao." Akanitazama. "Wewe ulidhani wangapi?"

"Wawili."

Akanimiminia chai, akanitilia sukari mwenyewe kama nilipokuwa mdogo. "Mmoja alinitosha," akasema.

Ningepaswa kufurahi, na mwalimu wa historia ndani yangu alifurahi kweli, kitambo kidogo. Magharibi tuliswali. Nikainua mikono, nikamwombea dada yangu, dua ikaisha mapema. Mikono ikabaki juu. Nilikuwa nimefiwa na yule ambaye hakuwahi kuzaliwa.