Sentensi ya Mama wa Magongo

Duka langu la kuchapisha liko Magongo, kando ya barabara, na kazi inayonilisha ni vijitabu vya mazishi. Wateja wangu wengi ni waumini wa kanisani waliotoka vijiji vya bara vya hapa hapa pwani. Wakiwa hai wanafanya kazi bandarini na viwandani, na wakifa wanarudishwa makwao, Kaloleni, Ganze na kwingineko. Kila maiti huondoka na kijitabu: picha mbele, ratiba ya ibada, kisha wasifu. Na katika wasifu, ukurasa unaosubiriwa ni ule wa familia, maana msomaji akifika hapo, kila anayetajwa husimama mbele ya waombolezaji wamwone. Ukitajwa, wewe ni wa marehemu. Usipotajwa, kaa kitako.

Nimeandika wasifu mpaka maneno yake yakanichosha. Wote waliugua kwa muda mfupi, wote walikuwa wacheshi na wapenda watu, hata wale niliowajua mwenyewe kwa ulimi wa kuchoma. Mimi si mtu wa subira. Nikaona huu ni upuuzi gani, kuandika jambo lile lile kila wiki? Nikajifunza kwenye simu, video baada ya video, nikaunda databesi. Ndani yake nikaweka vipande: cha kuzaliwa, cha elimu, cha ndoa, cha wokovu, cha ugonjwa, cha familia. Kila kipande kina mapengo ndani ya mabano, pengo la jina, pengo la kijiji, pengo la idadi ya watoto.

Kijitabu chenyewe sikukihifadhi kama maandishi. Kilikuwa orodha tu ya vipande na majibu ya kujazia mapengo, na maneno yalikusanyika pale pale ninapobonyeza kuchapisha. Nikirekebisha kipande kimoja, vijitabu vyote ambavyo havijachapishwa vinafuata. Familia ikitaka maneno yake peke yake, nanakili kipande, naibadilisha ile nakala, nakiacha kipande mama, kile kinachotumiwa na wote, bila kukigusa. Hiyo ndiyo sheria niliyoiweka mwenyewe, na aliyekuja kuivunja ni mimi mwenyewe. Nilijiona fundi kweli kweli siku zile. Kumwambia mtu "rudi baada ya nusu saa" kulinipa raha hata nikasahau kwamba ni msiba.

Jumatatu moja wakaja watu wawili. Mmoja alikuwa mzee, ndugu wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nyuma yake alikuwa mama wa makamo aliyejitanda leso. Marehemu alikuwa na mke wa ndoa kijijini, na watoto. Huyu mama ndiye aliyeishi naye Magongo miaka kumi na minne, bila mahari wala kanisa, na ndiye aliyemwogesha na kumlisha alipopooza. Ukoo ulikuwa umekaa vikao vitatu kwa ajili yake. Wapo waliotaka asikanyage kabisa mazikoni. Mwisho wakakubaliana sentensi moja.

"Mwanangu," mzee akaniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "hii usiipunguze wala usiiongeze. Tumeipata kwa jasho."

Akasoma, nikaandika: Vilevile anaombolezwa na mama aliyeishi naye Magongo na kumuuguza hadi pumzi yake ya mwisho. Hata jina hawakumpa. Mama akauliza kama nimeshaandika, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akasoma polepole, midomo ikichezacheza.

"Basi mimi nitasimama hapo," akasema. Hakuuliza lingine.

Duka lilikuwa limejaa. Mtu wa picha za pasipoti alikuwa ananung'unika, mwingine amenishikia karatasi mbele ya uso. Nikaona kunakili kipande ni kupoteza wakati, nikaitia sentensi moja kwa moja kwenye kipande mama, nikijiambia nitapanga baadaye. Nikatoa nakala ya kusahihisha, kamati ikaisoma, ikaridhika, ikatia sahihi. Ikabaki picha ya mbele tu, iliyokuwa ikitafutwa kijijini.

Jumatano wakaja watu wengine, wamefiwa na bibi yao, mjane wa miaka mingi. Nikakusanya kijitabu chao, na kumbe bibi wa watu naye anaombolezwa na mama aliyeishi naye Magongo. Nikacheka kwa hofu, nikaifuta upesi sentensi ile kwenye kipande mama kabla hawajaiona. Nikasema nikimaliza na hawa naitengenezea nakala yake kule inakostahili. Punde umeme ukakatika. Uliporudi, mimi nilirudia mambo mengine.

Ijumaa picha ya yule marehemu wa Jumatatu ikafika. Nikabonyeza, vikatoka vijitabu mia mbili, nikavikunja na kuvipiga pini. Sikusoma. Mzee naye akabeba maboksi bila kusoma. Nani husoma tena kitu alichokwisha kukitia sahihi?

Jumamosi kama saa nne asubuhi, mteja mmoja akanieleza kwamba marehemu wao alikuwa na nyumba mbili, na hawajui waandike vipi bila kuumiza mtu. Nikamwambia asihofu, nina sentensi nzuri. Nikaitafuta. Haikuwepo kwenye kipande mama. Nikatafuta nakala ya ile familia, sikuona nakala yoyote. Niliifuta Jumatano, na vijitabu vya Ijumaa vilitoka bila hiyo.

Nikampigia mzee, simu imezimwa. Nikapiga tena, na tena. Mama sikuwa na namba yake, kwa kuwa databesi yangu ilikuwa na nafasi ya simu ya mtu mmoja tu, yule anayekuja kuchukua kazi. Nikairudisha sentensi mahali pake, baada ya watoto. Ilinichukua dakika moja, na kwenye kioo kila kitu kikawa sawasawa. Lakini maiti ilikuwa imeondoka tangu alfajiri, na kijijini kwao, Ganze, si hapo. Hata ningepata gari wakati ule, ningefika watu wanarusha udongo. Nikakaa naitazama saa, najua hasa kinachokuja na sina la kufanya. Nililia mbele ya wateja, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa hasira.

Alasiri mzee akapiga. "Mwanangu, umetufanya nini?"

Akanieleza. Aliyesoma wasifu ni binti wa ukoo, mwalimu, asiyejua habari za vikao, naye alisoma kilichoandikwa. Mama alikuwa amesogea karibu na mbele, ameshajiweka sawa leso zake. Watoto walipokwisha kusimama alijiinua, na msomaji akapita kwenda kwa wajukuu. Akabaki katikati, hajaketi hajasimama, mpaka mtu aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Keti mama, unatuziba." Mzee alijaribu kusema neno, lakini wale waliompinga mama tangu mwanzo wakamjibu kwamba hata kamati yake yenyewe imemkataa, si hiyo karatasi?

Jumatano iliyofuata mama akaja dukani peke yake. Nilikuwa nimechapisha kijitabu kimoja chenye sentensi yake, nikampa kwa mikono miwili. Hakukifungua.

"Wamenitoa, mwanangu," akasema. "Nilijua watanitoa."

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani kunyamaza. Nikamwambia si wao, ni mimi, nikaanza kumweleza habari za vipande na nakala na umeme uliokatika, nikajisikia jinsi maneno yale yalivyo mepesi. Nikasema naweza kuvichapisha upya vyote mia mbili, nivipeleke Ganze mwenyewe. Akatikisa kichwa. Watu walishatawanyika, akasema, nani atawakusanya tena?

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Wale najua kwa nini hawanitaki," akasema. "Wewe mwanangu ulikuwa na nini na mimi?"

"Sikuwa na lolote, mama," nikamjibu. "Nilikusahau."