Nukta Alizozidhani Uchafu

Saa tatu asubuhi, Jumatano. Wanawake wa Ibra, hapa Oman, wamejaa sokoni kwao, lakini Tamima Hamed yumo dukani mwake anahangaika na nukta. Pua yake karibu iguse kioo cha kompyuta.

"Bi Shirin, hii nukta au uchafu?"

"Nukta," anajibu bibi aliyekaa ubavuni pake. "Hiyo ya chini ndiyo uchafu. Ifute."

Tamima, mwenye miaka arobaini na nne, ni mpiga chapa. Tangu 1993 anawachapia watu barua na kuwatolea fotokopi, na mji mzima unajua kuwa karatasi ikipita mkononi mwake hutoka safi. Usafi huo ndio uliomponza.

Bi Shirinbai, Mhindi wa jamii ya Wahoja, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa na mtu wa Ibra, ana kitabu cha nyimbo alizotunga baba yake kwa Kikachi, lugha ya kwao. Kimeandikwa kwa Khojki, hati ya zamani ya Wahoja ambayo wanaoisoma leo ni wachache mno. Kompyuta haziijui. Ili ziijue, kila herufi na kila alama lazima ipewe namba yake inayokubalika dunia nzima, na mtafiti mmoja wa ng'ambo anakusanya mifano ya kutilia nguvu ombi la namba hizo.

Mapema mwaka huu wa 2009, Tamima aliziskani kurasa, akazisafisha, akazituma.

"Nikajiona hodari," anasema. "Kumbe nimefuta nukta za watu, wallahi."

Katika hati hiyo, baina ya neno na neno hutiwa nukta mbili, moja juu ya mwenziwe. Yeye alizidhani vumbi. Mtafiti akajibu kuwa mwandishi huyu, kwa alivyoona, hakujua kutenganisha maneno.

Maneno hayo yalimuuma Bi Shirinbai, maana baba yake alikuwa mwalimu. Hata hivyo hakugomba. Alichukua kalamu akaandika KANIPAKAMBA.

"Soma, mwanangu."

"Kanipa kamba," Tamima akasoma.

"Mimi nimeandika kanipaka mba."

Waliponihadithia, nilicheka hadi chai ikanipalia.

Sasa wanazirudia kurasa zote, na lazima wafanye haraka. Bi Shirinbai ana presha ya macho, na daktari keshamwambia nuru iliyobaki haitakaa. Wino umefifia, karatasi ina madoa, na hakuna mwengine hapa wa kutofautisha nukta na doa. Tamima anaukuza kila mstari hadi ujae kioo. Bibi akichoka, anamtilia kahawa na kumtania kuwa anadoji kazi.

Ninamuuliza Tamima atafanya nini wakimaliza. Anamtazama mwenzake kwanza.

"Haya, tuseme kompyuta zimeijua. Hapa Ibra nani ataisoma? Nimemwomba anifundishe, na tumeshaanza. Kikachi sikijui hata kidogo, lakini herufi nitazitamka. Macho yake yakishafunga, mimi nitamsomea nyimbo za baba yake, naye atanambia maana."