Klasi Iliyogoma Kuzaliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya ushirika wa asali pale Kanyenye mjini, nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta, nikidhani mji mzima umesikia. Mkuu wa Mifumo, mtu wa mjini, kofia nyeupe na sauti ya chini, aliitazama shingo yangu.

"Kijana, una kesi mahakamani?"

"Hapana. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vua hiyo. Kuna joto, na kompyuta haikuoni."

Leo ninyi vijana mnaiagiza mashine nayo inaandika programu. Siwaonei wivu, au nawaonea kidogo. Sisi tuliandika wenyewe, na kazi yetu ilipangwa kwa klasi. Klasi ni kama kalibu ya matofali: ukishaichonga, unafyatua matofali kadiri ya udongo ulio nao. Kurithi ni kuchonga kalibu mpya kwa kufuata ya zamani, kisha kuongeza ya kwako. Metaklasi iko ngazi moja juu. Ni seremala anayechonga kalibu zenyewe. Hagusi tofali, lakini anaweza kuamua kwamba hakuna kalibu itakayotoka kwenye karakana yake bila mshikio, na ikawa hivyo. Nilipomweleza mke wangu, aliuliza kama huyo seremala naye ana seremala wake. Nikabadili mazungumzo.

Baadaye nilihamishiwa Sikonge, kwenye kituo ambako baiskeli zilifika zimefungwa ndoo za asali nyuma na ubavuni. Bosi wa huko alikuwa Mkaguzi wa Ubora, mama wa Kanisa la Moravian aliyezaliwa hukohuko, aliyeweza kuonja asali na kukwambia ilirinwa kwa moshi mwingi. Programu alijifunza ukubwani, kwa ubishi tu. Niliporudishwa mjini nilikuwa nimetumikia mafundi wawili. Mkuu wa Mifumo alikuwa na metaklasi iliyoingiza kila klasi mpya kwenye orodha kuu pale inapozaliwa, ili mzigo usipotee. Mkaguzi alikuwa na yake, iliyokataa klasi yoyote isiyoeleza vitu vyake vitapimwaje. Zote mbili zilikuwa safi. Wenyewe walisalimiana mikutanoni, basi.

Kisha kikundi cha akina mama wa Sikonge kikataka asali yao isafiri kwa jina lao, isimiminwe kwenye pipa la wote. Mnunuzi alikubali kwa sharti kwamba kila ndoo iwe imesajiliwa na kukaguliwa katika mfumo mmoja, kabla ya lori la Jumamosi. Nikapewa kazi ya kuandika klasi moja inayorithi pande mbili, Mzigo wa Mkuu na Sampuli ya Mkaguzi. Alhamisi nikaiandika. Kompyuta ikajibu kwamba metaklasi zimegongana. Kalibu ya wazazi wawili, maseremala wawili wasiojuana, nani aichonge? Mashine haikutaka kubahatisha. Iligoma.

Mama Nyamizi, kiongozi wa kikundi, akapiga simu.

"Baba, hiyo mashine yako imekubali?"

"Bado, mama. Kuna mafundi wawili hawajapatana."

"Wapatanishe! Sisi huku tuko wengi na tumepatana. Mwaka jana asali yetu ilimiminwa pamoja na ya watu wanaochoma mizinga. Ikimiminwa tena, wenzangu hawarudi porini. Wameshasema."

Dawa ya mgongano huo inajulikana: unaandika metaklasi ya tatu inayorithi zote mbili, yaani seremala aliyefunzwa na wote wawili. Nikaiandika, klasi ikazaliwa, nikaizunguka meza kwa furaha. Nilipochunguza, orodha kuu ilikuwa nayo, lakini ukaguzi haukudaiwa kabisa. Katika urithi kuna foleni, na kila aliye kwenye foleni humaliza lake kisha humkabidhi anayefuata. Metaklasi ya Mkuu ilimaliza na kufunga mlango. Nikaigeuza foleni. Ukaguzi ukadaiwa, nikajaza kipimo cha kubuni ili klasi izaliwe, lakini orodha ikasahaulika. Ya Mkaguzi nayo ilikuwa imefunga mlango.

Ijumaa Mkaguzi aliingia ofisini vumbi likiwa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, kaka," akamwambia Mkuu.

"Marahaba. Naona umekuja na barabara yote."

"Nusu nimekuachia mlangoni."

Nikawaonyesha. Walisoma mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo ya kwangu inaziba njia," akasema Mkuu.

"Na yangu. Lakini wewe hukuniachia hata upenyo."

"Sikujua kama kuna mtu nyuma yangu."

"Mimi nilijua upo," akasema Mkaguzi. "Nilidhani utakataa."

Mkuu alivua miwani. Kugusa metaklasi ya zamani ni kugusa kila klasi iliyotoka humo. Kosa moja, na mizigo yote ya ushirika ingeanguka asubuhi ya lori. "Andika wewe," akamwambia Mkaguzi, "mimi nasoma." Kwenye metaklasi ya kila mmoja wakabadili mstari mmoja tu, ule wa kumkabidhi anayefuata. Tukajaribu klasi ya zamani ya asali, tukajaribu ya nta. Zote zikapita. Nikaiita klasi yangu mpya kwa kujiamini.

Ikakataliwa. Nilikuwa nimekifuta kile kipimo cha kubuni, na sijaandika asali itapimwaje unyevu.

"Inafanya kazi," akasema Mkaguzi, akacheka mpaka vumbi likamdondoka.

Nikaandika kipimo. Klasi ikazaliwa, ikadaiwa ukaguzi, ikaingia orodhani. Jumamosi lori liliondoka na ndoo zenye jina la kikundi. Nilimpigia Mama Nyamizi. Akasema, "Basi ngoja niwaambie wachonge mizinga mipya."

Nimestaafu kwa hiari, mgongo ukiwa umetia saini kabla yangu. Vijana wakiniuliza kuhusu metaklasi nawaambia waziache mpaka wazihitaji kweli, kwa kuwa urithi wa kawaida unatosha kazi nyingi. Na wakizihitaji, wamwachie nafasi mtu wasiyemjua anayekuja nyuma.

Mwezi uliopita, dukani Kanyenye, niliona chupa ya asali yenye jina la kikundi cha kule Kigwa ambacho sijawahi kukisikia. Hakuna aliyenipigia simu. Mahali fulani kijana fulani aliandika klasi, au aliiagiza mashine iandike, ikarithi pande zote mbili na kuzaliwa bila kelele. Niliisoma lebo ile neno kwa neno.

"Mzee," akasema mwenye duka, "unanunua au unasahihisha?"

Nikanunua.