Nyota Mgeni na Macho ya Mama

Mama yangu na shangazi yangu walikosana kwa ajili ya salamu. Shangazi, mdogo wake marehemu baba, alimpa mama Shikamoo nje ya kanisa, kijijini kwetu huku juu milimani Mbinga, na mama akaitikia Marahaba huku uso kaugeuzia kwenye mkaratusi. Mara ya kwanza shangazi alijipitia zake. Mara ya pili akaguna. Mara ya tatu akasema mbele ya akina mama wa jumuiya kwamba kama wifi yake amemchoka, si aseme tu.

Jamani, hawa hawakuwa watu wa kukosana! Kila mwaka mvua zikielekea ukingoni walilima ngolo pamoja. Wanaume wakishafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule. Katikati linabaki shimo la kushika maji, na juu ya matuta wanapanda maharage. Nyasi zinaoza huko chini na kulisha shamba. Mama na shangazi walishika safu moja, wakausengenya ukoo mzima kutoka chini ya kilima mpaka juu.

Kumbe mama alikuwa haoni. Si kote, katikati tu. "Siku hizi kila mtu ana shimo usoni," aliniambia mimi peke yangu, na akaniapisha nisimwambie mtu. Akitaka kukuona ilimbidi atazame kando yako. Lakini mama yangu na huruma za watu ni paka na panya: afadhali aitwe mwenye dharau kuliko kuitwa kipofu. Nilimfokea, sikufichi. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu ni mashahidi.

Basi nikamteremsha mpaka Liuli, ninakofundisha fizikia karibu na ziwa, akapimwe macho. Daktari alimweleza taratibu: pale katikati pamekufa, hapatarudi, ila pembeni ni pazima. Mama akashukuru kama kapewa zawadi. Tulipofika nyumbani akaketi barazani kwangu, mgongo kwa ziwa.

"Mwaka huu ngolo mtalima wenyewe," akasema. "Mimi macho yameisha. Na shangazi yako mwache aamini anavyoamini."

Iliniuma sana. Nilikuwa nampoteza mama akiwa mzima, anakula na kunywa, na shangazi naye anampoteza bila hata kujua kwa nini.

Sikuwa na dawa. Nilichokuwa nacho ni darubini ndogo niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu alipohamishwa, na kitu kimoja cha mbinguni ninachokipenda kupita kiasi. Karibu miaka elfu moja iliyopita, watazamaji wa anga wa China waliona nyota ambayo jana yake haikuwapo. Wakaiita nyota mgeni. Iling'aa hata mchana kweupe kwa wiki kadhaa, ikaendelea kuonekana usiku kwa karibu miaka miwili, kisha ikatoweka. Wao hawakujua kwamba ni nyota kubwa iliyolipuka. Waliandika tu: ipo hapa, leo inang'aa hivi, leo imefifia. Nawavulia kofia watu wale! Kwa maandishi yao, mamia ya miaka baadaye, wenye darubini waliokuta wingu hafifu mahali palepale waliweza kusema: huyu ndiye yule mgeni, haya ndiyo mabaki yake. Wingu hilo linaitwa Kaa, kama yule wa majini. Bado linatanuka mpaka leo, na ndani yake kuna kiini kidogo cha nyota kinachozunguka mara thelathini kwa sekunde. Nyota imekufa na bado ina shughuli zote hizo.

Nilimsimulia mama tukila ugali na usipa, vidagaa vya ziwa letu. Akaacha kutafuna.

Ilikuwa Februari, mvua imepumzika, mwezi haupo. Saa mbili hivi nikamkokota nje. Kosa langu lilikuwa kupita mbele ya nyumba. Giza la mwezi ndilo sikukuu ya wavuvi wa usipa, na ziwa lote lilikuwa taa tupu za kuvutia samaki. Nikasimama kuzishangaa, mshamba wa milimani mimi; mama alizipa mgongo. Tulipozunguka nyuma, kwenye mihogo, nikaielekeza darubini kaskazini, karibu na ncha ya pembe ya lile kundi la nyota liitwalo Ng'ombe, lilipo wingu langu, nikachungulia. Weusi mtupu. Taa zilikuwa zimenipofusha. Nikahangaika, nikalaani, nikasogeza, nikarudisha.

"Hebu nipishe," mama akasema. "Mwalimu gani huyu anagombana na chombo."

Akainama. Akageuza jicho kando kama anavyofanya siku zote, kana kwamba anaidharau darubini yenyewe. Akatulia.

"Kuna kitu kijivu," akasema. "Kama mtu kapumua juu ya kioo."

Nilidhani ananifurahisha. Kimyakimya nikaisukuma darubini kidogo tu.

"We! Umekipeleka wapi?"

Nikakirudisha, akakiona tena. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ninalolifundisha kila mwaka: kitu hafifu cha angani hakionekani ukikikodolea. Unatazama kando yake, na ukingo wa jicho ndio unaokiona. Wanafunzi wangu huhangaika wee kabla hawajaiweza mbinu hiyo. Mama alikuwa ameifanyia mazoezi miaka miwili, kwa aibu, akitazama mikaratusi.

Nikamweleza. Akanyanyuka polepole.

"Ina maana wataalamu nao wanatazama hivi? Upande?"

"Hivyo hivyo, mama. Hawana njia nyingine."

Akacheka. Mungu wangu, nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Akainama tena, akakaa pale mpaka mbu wakatushinda. Tulipoingia ndani aliuliza jambo moja tu: yale mabaki yanafanya kazi gani huko? Nikamwambia yanasambaa, yanachanganyika na mengine, na baadaye sana huzaliwa nyota nyingine humo.

"Ah. Nyasi za ngolo," akasema, akaenda kulala.

Machi nilimrudisha nyumbani. Asubuhi ya pili alichukua jembe, nami nikamfuata mpaka kilimani. Shangazi alikuwa juu kwenye safu yao, peke yake, anachimba kwa hasira. Alipotuona akasimama.

"Shikamoo, wifi," akasema kwa baridi, kwa sababu adabu ni adabu.

Mama akageuza uso kuelekea migomba ya jirani. Nilimwona shangazi akikunja midomo.

"Marahaba. Ngoja, usiondoke," mama akasema, macho bado kwenye migomba. "Macho yangu yamekufa katikati, huu mwaka wa pili. Nikikutazama usoni sikuoni, wifi yangu. Nikitazama migomba ile, nakuona. Umekonda. Na kile kitenge nilichokupa Pasaka, leo umekivaa."

Jembe lilimponyoka shangazi. Akakitazama kile kitenge, akaanza kulia kwa sauti.

"Miaka miwili!" akasema. "Miaka miwili ulikuwa unanitazama!"